Msindikizaji wa Alhamisi

4 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, nimeitikia kabla hujaniamkia, maana najua utaniamkia na mimi sina subira. Hapa nyumbani hatujambo. Shemeji yako mgongo umemwachia tangu alipokubali kulala kitandani kama watu wengine badala ya kwenye kochi. Mkubwa wetu amefaulu hesabu na sasa haambiliki. Wa kati amepoteza kiatu kimoja, kimoja tu, na hana maelezo. Kitinda mimba ameng'oka jino, anacheka ovyo ili kila mtu alione pengo. Mimi niko na cherehani yangu. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo wazazi wote wamekumbuka siku moja kwamba watoto hukua. Nimeshona sketi za marinda mpaka nikifumba macho naona marinda.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mama alikuja kwako mwezi wa tisa kutolewa mtoto wa jicho. Wiki tatu, ulisema. Mtoto wa jicho ametoka, bandeji imetoka, miwani mpya imepatikana, na Mama bado yuko kwako. Imetimia miezi mitano sasa. Hata mgeni siku ya tatu hupewa jembe, sembuse mama wa mtu mwingine. Najua ni mama yako pia, usianze.

Nakuandikia kwa sababu simu yenu inasikika sebule nzima, na nikikutumia ujumbe atausoma yeye, kwa macho yake mapya. Nikimpigia, ananiuliza, "Watoto wamekula?" kisha anakupa wewe simu. Kitanda chake nimekitandika na kukitandua mara tano. Niambie lini anarudi. Sitaki "tutaona".

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo, ingawa marahaba yake ilifika zamani. Barua yako ilikaa siku tisa kwenye koti la mlinzi wetu wa kazini. Alikuwa amesahau, si mtu mbaya. Kazi ni ileile, natia mashuka ya hoteli kwenye pasi kubwa upande huu na mwenzangu anayapokea upande ule, joto kama tuko ndani ya sufuria. Mama hajambo. Jicho limepona kiasi kwamba anaona vumbi nyumbani kwangu ambalo mimi niliapa halipo.

Kuhusu kurudi, kuna jambo sikukwambia. Tangu Desemba najitolea kwenye kituo cha utafiti kilicho nyuma ya hospitali. Hawataki damu yote, wanataka chembe nyeupe tu, wale askari wa mwili. Wanazifuga kwenye maabara ili wazifundishe kuutambua ugonjwa. Unaketi kwenye kiti kirefu, sindano mkono huu, sindano mkono ule. Damu inatoka huku, inaingia kwenye mashine inayoizungusha mpaka chembe nyeupe zijitenge zenyewe, zinaingia kwenye mfuko mdogo, na damu iliyobaki inakurudia kwa mkono wa pili. Haiumi sana. Inachosha, maana ni muda wa saa nne na mikono yote miwili huruhusiwi kuikunja. Sharti lao ni uje na msindikizaji mtu mzima, aketi nawe mwanzo hadi mwisho. Mimi nina nani hapa? Nikaenda na Mama.

Alhamisi ya kwanza, nusu saa haijaisha, pua ikaanza kuwasha. Unajua pua, ukiwa na mikono haina habari nawe. Mama alikuwa ameketi na mkoba magotini kama anayesubiri kuitwa ofisini. Nikakunja uso, nikaukunjua. Akauliza, "Una nini?" Nikamwambia. Akainuka, akanikuna. Halafu hakurudi kuketi. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akauacha hapo mpaka nesi alipokuja kubadilisha mfuko.

Nakusimulia kwa sababu sina mwingine wa kumsimulia ambaye anamjua Mama. Wanataka nitoe mara nne. Nimetoa mara tatu, imebaki moja, mwezi wa tatu. Baada ya hapo tutaona.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Watoto hawajambo na kiatu kimepatikana juu ya paa. Shemeji yako anakusalimia, anauliza kama ulipewa hata cheti. Salamu zimeisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Mkono kwenye paji la uso? Mama yupi huyo? Mama ninayemjua mimi alikuwa matroni wa bweni miaka ishirini na sita, na mkono wake ni wa kukagua kucha. Nimejifungua mara tatu. Mara ya tatu nilipasuliwa, nimelala na mshono wa shubiri nzima. Mama akaja, akasimama mlangoni, akauliza kama nepi zimechemshwa. Zilikuwa zimechemshwa! Basi akaridhika, akaenda kukagua jiko.

Nimeishi naye miaka tisa chini ya paa hili. Namkata kucha za miguu. Najua chai yake lazima ifunikwe na kisahani, na kisahani kiwe kikavu. Nilipougua homa kali mwaka ule, aliniwekea dawa mezani na kuniambia nisichelewe kuinywa. Wewe umenyoosha mikono tu, umelala kama malkia, na unapewa bure kile nilichokingojea miaka arobaini na moja. Ndiyo, ni wivu. Nauandika kwa mkono wangu ili usihangaike kuutafuta katikati ya mistari. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Sijinyongi, nina sketi za watu.

Na hao watafiti wako, niulize kitu. Wana mashine ya kuchambua damu ya mtu chembe kwa chembe, lakini hawana mtu wa kukuna pua? Alhamisi ya mwisho ikipita mkatie Mama tiketi. Mimi nitampokea kituo cha mabasi hapa kwetu.

Dada yako


25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sikukujibu kwa sababu nilikasirika, halafu nikapata mafua, halafu nikaona aibu ya kuchelewa. Panga unavyopenda. Ngazi za jengo letu zimepakwa rangi, kijani mbaya sana. Mama hajambo, amemfundisha mke wa mwenye nyumba kukunja shuka lenye mpira pembeni, na sasa hawaachani.

Umeitaja miaka yako tisa kama gunia ulilobebeshwa. Mimi ningelibeba nikiimba. Nilipelekwa kwa Shangazi nikiwa na miaka sita, kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo na wewe ndiye uliyekuwa unamsaidia Mama. Nikaambiwa ni mwaka mmoja. Nimerudi nina kumi na tano. Kila likizo nilikuta kitanda changu kina vitambaa vyako vya kushonea, navihamisha mwenyewe, siku ya kuondoka unavirudisha kabla sijafika barabarani. Nilikuona. Wewe ulikua na Mama, mimi nilikua na picha yake, na kwenye hiyo picha pia ulikuwa umesimama wewe pembeni yake.

Kwa hiyo usiniulize mkono gani na paji gani. Chumba kile cha mashine nilipewa mimi. Na Mama anaongea kule ndani kuliko anavyoongea nyumbani, anamwongelesha nesi mpaka mashine inazimwa. Anaongea nini, hilo nalo ni langu.

Watafiti wameongeza mara mbili nyingine. Itakuwa mpaka mwezi wa sita. Usinilaumu mimi, ilaumu sayansi.

Mdogo wako


14 Mei

Wewe,

Hatujambo. Watoto wazima. Mvua imeingia kwenye stoo ikaharibu kitambaa cha kaki, lakini nitanyamaza kuhusu hilo kwa sababu nina kubwa zaidi.

Imekuja barua hapa. Imeandikwa jina la Mama, kwa sanduku langu la posta, kwa sababu ndilo lililo kwenye kitambulisho chake na ndilo alilowapa kituoni kwenu. Nimeifungua. Ndiyo, nimeifungua, nishtaki. Wanamshukuru kwa kumsindikiza mwanawe kwa uvumilivu, na wanamjulisha kwamba kazi ilikamilika tarehe 21 Machi, mara ya nne na ya mwisho. Chini wameandika kwamba wataanza utafiti mwingine, wa kulinganisha chembe za ndugu wa tumbo moja, na kama ana mtoto mwingine aliye tayari, awasiliane nao.

Ya mwisho, mdogo wangu. Ishirini na moja Machi. Wewe tarehe ishirini na tano Aprili unaniambia wameongeza. Sasa niambie, Alhamisi mnakwenda wapi? Au unamketisha Mama pembeni yako sebuleni na kujitia pua inakuwasha?

Nimekuwa mjinga wa kutosha. Umemficha mama wa watu kwa uongo, na unaniandikia habari za rangi za ngazi. Sikutegemea kwako. Nilijua unanionea wivu, hata mimi nakuonea, tumezaliwa hivyo. Lakini uongo wa tarehe?

Dada yako, kama bado


29 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Nina haki ya kukasirishwa na "kama bado", lakini nitaiweka akiba.

Alhamisi hatuendi popote. Mimi nafua zangu, Mama anaota jua kwenye ngazi. Nilikudanganya, ni kweli. Sasa sikiliza kwa nini.

Siku tuliyomaliza, tukiwa tunarudi kwa miguu, nilimwambia Mama kwamba nitamkatia tiketi Jumamosi. Nilikuwa nimeshaahidi moyoni, ingawa roho iliniuma. Akatembea kidogo, akasema, "Dada yako aliniuliza swali. Nimemjibu kwa miguu." Nikamwuliza swali gani. Tulipofika nyumbani akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Nimemwuliza mara mbili tena tangu siku hiyo, na mara zote mbili amekunja nguo. Haongei ubaya wako, lakini tiketi hataki kuisikia.

Ningekuandikia nini? Kwamba Mama yuko huru na hataki kuja kwako? Nikaona afadhali unione mimi mwizi. Kwa mwizi unaweza kugomba.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, pokea na hii, maana inanikaa kooni. Unataka kujua Mama anaongea nini kule ndani. Anakuongelea wewe. Mwanzo hadi mwisho. Mkono uko kwenye paji langu na mdomo uko kwako. Nesi anajua ulianza kushona ukiwa na miaka kumi na moja, anajua sketi zako hazifumuki mpaka mtoto amalize shule, anajua ulivyopasuliwa na ulivyosimama jikoni siku ya tisa. "Yule wangu mkubwa," anasema. Alhamisi ya tatu nilitaka kumwambia anyamaze. Sikusema, kwa sababu nilijua akinyamaza na mkono atauondoa.

Ulimwuliza nini, Dada?

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo wote. Leo sina utani.

Ilikuwa mwezi wa nane. Nilikuwa na oda ya shule nzima na mkanda wa cherehani umekatika asubuhi. Mwalimu mkuu mwenyewe amekaa pale mlangoni anasubiri mashati. Mama akatoka chumbani, akachukua shati moja kutoka kwenye rundo, akalipeleka kwenye mwanga, akasema, "Kola hii imepinda." Mbele ya mteja. Jicho lake moja halikuwa likiona vizuri, lakini kola aliiona. Nikamgeukia nikamwambia, "Mama, kwani huna mtoto mwingine?"

Aliliweka shati chini, akaingia ndani. Wiki iliyofuata ndipo aliponiambia anakwenda kwako kutibiwa. Jicho lilikuwa na mtoto kweli, lakini lilikuwa naye tangu mwaka juzi, na kila mwaka alikuwa anasema hana haraka.

Ulimi hauna mfupa. Miezi yote hii nimekudai wewe umrudishe, kwa sababu nikikudai wewe sihitaji kukumbuka nilichosema. Na kola ilikuwa imepinda. Niliifumua alipoingia ndani.

Nimewapigia simu kituoni kwenu kuhusu huo utafiti wa ndugu. Nesi mmoja akacheka, akaniambia, "Kumbe ndiye wewe." Nitakuja wiki ya kwanza ya Julai. Siku ya kwanza watapima damu na kuangalia mishipa, nikifaa watanitoa chembe Alhamisi. Uzito ninao, asante, usiseme kitu. Kwenye fomu, mahali pa msindikizaji, nimeandika Mama. Mwambie hilo tu. Usiniombee msamaha na usimwandae. Nitaongea mwenyewe nikiwa nimefungwa mikono, labda ndiyo njia pekee ya kunizuia nisigeukie cherehani.

Dada yako


20 Julai

Mdogo wangu,

Nimefika salama, nimekuta sinki limejaa na shemeji yako anajifanya hakuliona. Asante kwa kunilaza kitandani kwako na wewe ukalala chini. Niliona. Sikusema nyumbani kwako yaliyotokea mle chumbani kwa sababu kuta zako ni karatasi na Mama alikuwa upande wa pili. Nayasema sasa.

Walinipata mshipa mkono wa kulia mara moja, wa kushoto wakahangaika. Mashine ile inalia kama cherehani isiyotiwa mafuta. Mama aliketi na mkoba magotini. Kwanza akatazama kucha za nesi. Zilifaulu. Midomo ilipoanza kunichezacheza kwa ile dawa ya kuzuia damu isigande, nesi akanipa vidonge na maziwa, na Mama akanishikia kikombe. Ule mdomo ulioniongelea kwa nesi haukufunguka. Nikangoja pua iwashe, haikuwasha. Hata pua yangu ina kiburi.

Basi nikaanza kulia. Nilikuwa sijapanga. Ukilia umelala na mikono imenyooshwa, machozi yanaingia masikioni na huna la kuyafanya. Nikasema, "Mama, nilikosa siku ile." Akasema, "Nilisikia ulivyosema." Nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Ulisema mbele ya mteja." Na ni kweli. Akatoa kitambaa kwenye mkoba, akanifuta masikio, moja, halafu la pili, kwa ndani kabisa, vile alivyokuwa akitukagua tukitoka kuoga. Akakikunja, akakirudisha. Paji la uso hakuligusa. Nakwambia ili ujue kwamba hilo limebaki lako peke yako, na kwamba bado linaniuma.

Karibu na mwisho, mfuko ulipokaribia kujaa, akaniuliza, "Umemwandikia mdogo wako barua ngapi?" Nikamwambia nne. "Za kunidai," akasema. "Kama vile nimeazimwa. Mimi sijapata hata moja, na siku hizi nasoma vizuri."

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kwenda kwa Mama. Nimeiandika siku tatu. Mpe mkononi. Usiifungue, nimebandika mara mbili kwa sababu nakujua.

Dada yako


11 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sijambo. Kazini wameleta pasi mpya, haichomi sana.

Sikuifungua. Niliiweka kwenye mwanga wa dirisha tu, na karatasi uliyotumia ni nzito mno. Mama aliisoma amesimama, akaitia kwenye mkoba. Zikapita siku kumi na moja. Jumatatu asubuhi akaniambia nimkatie tiketi. Unajua mengine, ulimpokea wewe.

Ambalo hujui ni hili. Pale kituo cha mabasi, mizigo imeshapandishwa, nilimshika mkono nikamwomba abaki. Sikuwahi kumwomba kitu tangu nilipokuwa na miaka sita, kwa sababu siku ile niliomba na nikapelekwa vilevile. Nilimwomba mbele ya dereva na abiria wake wote. Nikamwambia, "Mama, kaa na mimi, angalau mpaka mwaka uishe." Akanitazama kwa macho yote mawili, na sijui kama amewahi kunitazama vizuri vile. Akasema, "Wewe hujanikosea kitu, mwanangu. Kwako sina kesi. Kesi yangu iko kule." Akapanda.

Usinielewe vibaya, nafurahi yuko kwako. Hapana, sifurahi. Nimerudi nikakaa kwenye ngazi za kijani mahali pake mpaka mke wa mwenye nyumba akaja kuniuliza Mama yuko wapi, kana kwamba mimi pale sionekani. Miezi kumi na moja sikumpandishia sauti. Nilimkunjia nguo, nilimfunikia chai, nilisema uongo kwa ajili yake na kwa ajili yako. Wewe ulimwambia neno moja baya na amesafiri siku nzima kukufuata.

Basi nifundishe, Dada, wewe unayejua. Nimkosee nini Mama, ndipo na mimi anirudie?

Mdogo wako